Mikate ya Tallanook

Mto ulipoingia Tallanook haukubisha hodi. Ulivunja ukingo alfajiri, ukapita barabara kuu, ukaingia madukani na vyumbani, na kufikia adhuhuri watu wa mji ule mdogo walikuwa wamejazana katika ukumbi wa maonyesho ya kilimo, juu kilimani, pamoja na mbwa wao, blanketi zao na nguo walizolala nazo. Huku kwetu Caulfield, mtaa wa jijini, mvua hiyohiyo ilituloanisha miguu tu. Tuliona picha kwenye simu, tukasema ole wao maskini, tukaendelea kunywa chai.

Ambaye chai haikupita kooni ni Tirza Lipman. Tallanook ndiko alikozaliwa. Baba yake alikuwa na duka la mbegu na mabuti ya shamba, na Walipman walikuwa ndiyo nyumba pekee ya Kiyahudi katika mji mzima. Sasa duka lilikuwa limejaa matope mpaka rafu ya pili, na mama yake alikuwa anapika katika ukumbi ule wa kilimani, akiwapikia watu ambao hadi juzi walikuwa wateja wake. Tirza alipompigia simu na kumwambia anarudi nyumbani, mama alimkataza.

"Uje ufanye nini huku, mwanangu? Utakuwa mdomo mmoja zaidi wa kulisha," alisema. "Kaa huko huko. Tutafutie pesa. Watu hawana hata magodoro."

Basi Tirza akaenda kwenye mkutano wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiyahudi wa chuo kikuu, katika nyumba yao ile kuukuu yenye jiko kubwa, akasimama huku akipindapinda ncha ya skafu yake.

"Tuuze mikate ya Sabato," akasema. "Kila nyumba hapa inahitaji mikate miwili ya kusuka kila Ijumaa jioni. Wanunue kwetu badala ya dukani, pesa yote iende Tallanook."

Kila mtu alilipenda wazo hilo. Lililowatia kigugumizi ni swali la pili: nani atasimamia jiko? Tirza aliponyoosha mkono wake, watu walianza kutazama viatu vyao.

Ukweli ni kwamba Tirza alikuwa mgeni wa sheria yetu ya chakula, inayokataza kula nyama pamoja na maziwa. Kwao Tallanook walifunga siku ya toba na kuwasha mishumaa mara mojamoja, lakini kuhusu nyama na maziwa walikuwa kama majirani zao. Alipokuja chuoni ndipo moyo ulipomvuta. Alijifunza mwenyewe, taratibu, kutenga vyombo vya nyama na vyombo vya maziwa, kusoma vifungashio, kusubiri saa kadhaa baada ya kula nyama kabla ya kunywa chai ya maziwa. Alijifunza kwa bidii na kwa hofu, maana aliyeingia baadaye huona kila jicho linamtazama yeye.

Hadasa Perlstein ndiye aliyesema lililokuwa mioyoni mwa wengi. Hadasa alikuwa binti wa nyumba yenye msimamo mkali kuliko zote mtaani kwetu. Mama yake hakula nje ya nyumba yake, si harusini, si kwa ndugu, si popote. Watu walimtania kwamba akienda peponi atabeba kijiko chake.

"Tirza, mwenzangu, usikasirike," akasema Hadasa. "Jiko la Sabato si mahali pa kujifunzia. Wewe mwaka juzi ulikuwa unakula soseji na jibini."

"Na zilikuwa tamu, alishaniambia," akadakia Yoel, kijana mrefu asiyeweza kunyamaza.

Watu wakacheka. Tirza naye akacheka, lakini masikio yalimwiva.

"Ni mji wangu, Hadasa," akasema. "Mama yangu analala sakafuni. Nipe nafasi hii moja tu. Nikiharibu, sitagusa tena jiko hili."

Hadasa akamtazama, akashusha pumzi. "Haya. Lakini kama kuna jambo hulijui, uliza. Kuuliza hakulipiwi kodi."

Ilikuwa kauli nzuri, na laiti Tirza angeitia kibindoni! Lakini yeye aliisikia kama mtego. Alijiapia kwamba siku hiyo hatamwuliza mtu kitu, wasije wakasema, si tulisema?

Ijumaa jiko lilichangamka tangu asubuhi. Madirisha yalifanya ukungu, unga ukapaka kila mtu nyusi, na mabeseni ya donge yalipangwa juu ya vipasha joto yaumuke. Tirza alikuwa hodari, hilo hata Hadasa hakulikana. Mikono yake ya dukani ilizoea kubeba magunia, ikakanda donge mpaka likawa laini kama shavu la mtoto. Alikata kipande kidogo cha donge, akakisomea baraka na kukitupa motoni kama desturi itakavyo, na wote wakaitika amina. Kisha Hadasa na wenzake wakakaa kusuka, nyuzi tatu tatu, wakisengenya wahadhiri.

Mambo yalienda vizuri mpaka mafuta yakaisha. Bado kulikuwa na mabeseni kadhaa hayajakandwa, na simu za wateja zilikuwa hazikomi. Yoel akatumwa dukani. Akarudi amelowa chepechepe, amekumbatia makopo ya majarini.

"Mafuta ya kupikia yamekwisha, watu wamenunua kwa ajili ya mafuriko," akasema akihema. "Nimeleta hii. Si ni mimea tu? Iyeyushe, mambo yaishe."

Tirza akashika kopo moja. Picha ya ua la alizeti ilikuwa juu ya kifuniko, la njano kabisa, linatabasamu. Aliwahi kusikia kwamba kuna majarini zinazofaa na zisizofaa, lakini tofauti ilikuwa nini hasa, hakukumbuka. Nyumbani kwao walikuwa wakipaka yoyote. Hadasa alikuwa palepale, upande wa pili wa meza, donge mkononi. Ilikuwa kufungua mdomo tu. Hadasa, hii inafaa? Maneno matatu.

Tirza alifumbua mdomo, akaufumba. Aliona tayari lile jicho, alisikia tayari ule mguno. Akageuka upesi, hata ubavu wa kopo asiusome, akafungua kopo na kuyeyusha majarini katika sufuria.

Mikate ilitoka tanuri ikiwa na rangi ya asali. Watu walianza kuja kuichukua tangu adhuhuri, miavuli ikichuruzika barazani, akina mama na mikokoteni ya watoto, wanafunzi, wazee. Kila aliyenunua aliuliza habari za Tallanook, na wengi waliacha chenji. Hadasa mwenyewe alimpiga Tirza bega kwa bega akasema, "Haya bwana, nimenyamaza." Tirza alijihisi mwepesi, akaanza hata kuimba.

Alikuwa bado anaimba alipoanza kukusanya takataka. Alisuuza kopo la kwanza la majarini ili alitie kwenye pipa la plastiki, na mafuta yalipotoka maandishi madogo ya ubavuni yakasomeka vizuri. Alisoma mara moja. Akasoma tena. Kisha akakaa juu ya gunia la unga. Majarini ile ilikuwa na maziwa ndani yake.

Kwetu mkate wa Ijumaa hukaa meza moja na supu ya kuku na nyama ya kuoka. Ndiyo maana walimu wetu wa kale walikataza kabisa mkate wa maziwa, asije mtu akaumega pamoja na nyama bila kujua. Na sasa mikate ya Tirza ilikuwa imefunikwa vitambaa katika nusu ya nyumba za mtaa, ikisubiri jua lizame. Mikate ya mabeseni ya kwanza ilikuwa safi, lakini ilipotoka tanuri yote ilichanganywa kapuni, na hakuna ambaye angeweza kuitofautisha.

Yoel akamkuta pale amekumbatia kopo. Alisoma naye, akapiga mluzi.

"Lo! Haya, lipe hapa." Akalinyakua na kulizamisha chini ya maganda ya mayai. "Tirza, nisikilize. Limeshapita. Kijiko cha majarini katika beseni zima, nani atasikia ladha? Watu watakula, watasema amina, watalala. Mungu anaona ulikuwa unasaidia watu."

Tirza akalitazama pipa. Nisiseme uongo, maneno yale yalimwingia. Alijua kitakachotokea akisema. Pesa ingerudishwa, magodoro yasingenunuliwa. Hadasa angesema, si nilisema. Na yeye angerudi kuwa yule msichana wa soseji, si kwa wiki moja, bali mpaka amalize chuo. Akinyamaza asingepoteza chochote. Alikaa akiomba asiwe yeye wa kusema, lakini nani mwingine? Alimkumbuka kila mama aliyechukua mkate akisema, "Nitakula bila wasiwasi, nimejua umetoka kwenu." Hawakuwa wamenunua mkate tu. Walikuwa wamemwamini, wakaacha kuchungulia vyungu vyake, na yeye sasa afiche?

"Toa hilo kopo," akamwambia Yoel.

"Tirza..."

"Litoe, Yoel, kabla sijabadili nia."

Akaenda nalo mezani, likiwa na ganda la yai limenata, akaliweka mbele ya Hadasa. Aliyasema yote: majarini, maziwa, na jinsi alivyotaka kuuliza akaona aibu. Hadasa alisoma ubavu wa kopo.

"Nilise-e-ema nini mimi?" akasema Hadasa, akikokota neno. "Nilikuambia nini siku ile?"

"Uliniambia niulize."

"Na mimi nilikaa hapa, mita moja, mdomo ukiwa wazi kwa umbeya!" Hadasa akajifuta unga usoni kwa hasira, akazidi kujipaka. Kisha akashusha sauti, ikawa sauti nyingine kabisa. "Nikiwa darasa la pili nilikoroga mtindi kwa kijiko cha nyama. Cha fedha, cha bibi yangu. Nikaogopa kumwambia mama, nikakizika kwenye chungu cha maua. Bado kimo. Kila Pasaka mama anahesabu vijiko, anamlaumu yule mama aliyekuwa anatufulia. Mimi namwagilia ua." Akasimama, akavua aproni. "Wewe umeleta kopo lako mezani. Haya, tusizubae. Simu!"

Wakampigia kwanza Rabi Anshel, mlezi wa wanafunzi. Hakugombeza. Alisema mikate hiyo haifai kwa yeyote kati yetu, basi, lakini asiye Myahudi hakatazwi, anaweza kuila kwa raha zake. Akamalizia, "Jua linazama saa kumi na moja na kitu. Fanyeni haraka, watoto, maana mishumaa ya Sabato ikishawashwa hakuna atakayepokea simu."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Waligawana majina, kila mtu na kona yake, na kila mmoja akisema sentensi ileile ngumu. Wengine walicheka. Wengine walisema asante, wakatuma watoto warudishe mikate. Mama mmoja alimfokea Yoel mpaka akaiweka simu mbali na sikio, akasema, "Ndiyo mama, wajinga ndio sisi, mama." Walipotajiwa kurudishiwa pesa, baadhi walikataa, ila wengi walitaka yao na wakapewa. Tirza mwenyewe alipiga nyingi kuliko wote. Kila mara alianza hivi: "Mimi ndiye niliyekosea." Mwanzo yalimkwaruza koo maneno hayo, lakini kadiri alivyoyarudia yakazoeleka.

Akabaki mmoja tu, Mzee Zelman Kuperberg, mjane wa kiume aliyeishi peke yake ghorofani karibu na njia ya tramu. Simu yake ililia, ikalia. Nje mwanga ulikuwa unafifia. Tirza akachukua koti, akatoka mbio. Alikimbia kwenye mvua, akipita watu waliovaa vizuri kwenda sinagogi, akapanda zile ngazi huku mbavu zikimchoma, akagonga mlango kwa ngumi.

"Kama ni watu wa umeme, nimelipa!" ikajibu sauti ndani.

"Ni mimi, babu. Tirza, wa mikate."

Mlango ukafunguliwa. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe na kandambili. Nyuma yake meza ilikuwa tayari, sahani moja, kikombe kimoja, na mikate miwili chini ya kitambaa kilichotariziwa. Supu ya kuku ilinukia mpaka ngazini. Tirza akamweleza huku akihema. Mzee Zelman akasikiliza, kisha akageuka kuitazama mikate kwa huzuni kubwa.

"Sasa nile nini, kandambili?"

"Nisamehe, babu."

"Na simu mimi sisikii, masikio yameshastaafu." Akamtazama tena, nywele zimemgandama usoni, viatu vinamwaga maji. "Umepanda ngazi zote hizo kuja kuniambia kwamba umekosea?"

"Ndiyo."

"Mimi nimekuwa fundi saa maisha yangu yote. Nimeharibu saa za watu ngapi, unadhani nilimfuata nani nyumbani?" Akafungua kabati, akatoa boksi la mkate mkavu wa Pasaka, uliobaki tangu mwezi wa nne. "Mgumu huu, utang'oa meno. Kaa. Ukishakauka tutawasha mishumaa. Supu ni ya watu wawili, marehemu mke wangu hakunifundisha kupika ya mmoja."

Wakala pamoja, wakitafuna kwa kelele. Tirza alilia kidogo kwenye supu, na mzee akajifanya haoni, akamwongezea karoti.

Jumapili Yoel na Hadasa waliipakia mikate yote kwenye gari la kukodi, wakaipeleka Tallanook. Mama Lipman alipiga simu jioni akicheka na kulia kwa pamoja. Watu wa ukumbini walikuwa wameishambulia kwa jamu, watoto wakigombania visuko vya pembeni. Lakini magodoro hayakununuliwa. Pesa iliyobaki ilikuwa kiasi cha kuaibisha, na Tirza alijua sababu ni yeye.

Jumatano alikwenda mapema kusugua jiko. Alikuwa ameshakunja aproni na kuiweka juu ya meza pamoja na ufunguo, amwachie Hadasa. Ahadi ni deni, naye alisema akiharibu hatagusa tena jiko lile. Alikuwa anasugua tanuri, kichwa kimo ndani, aliposikia magurudumu ya kikapu cha sokoni barazani. Kugeuka, akamwona Mama Hadasa amesimama mlangoni. Bi Perlstein mwenyewe, kilemba kimefungwa sawasawa, mwanamke ambaye hakuwa amekanyaga jiko la mtu kwa miaka.

Tirza akainuka, masizi yamemjaa mashavuni. Akajua amekuja kumsuta.

"Wewe ndiye Tirza?"

"Ndiye mimi, mama. Naomba radhi kwa..."

"Nyamaza kidogo, niseme mimi." Bi Perlstein akatazama sinki, akatazama rafu, akapitisha kidole juu ya meza. "Watu wananicheka kwamba sili kwao. Dada yangu amenialika miaka na miaka, naenda na gilasi yangu, nakunywa maji. Unadhani nawaona watu ni wachafu?"

"Sijui, mama."

"Kila mtu hukosea. Mimi nakosea. Ninachoogopa mimi ni mtu atakayekosea halafu anyamaze, nami nile. Ndiyo maana sili." Ilionekana kwamba neno lililofuata lilikuwa zito kwake. "Juzi mwanangu ameniletea kijiko cha mama yangu, kina udongo. Nimemlaumu mtu bure miaka kumi na tatu. Nimemwuliza, leo imekuwaje ukasema? Akaniambia, kuna msichana jikoni kwetu ameweka kopo mezani."

Machozi yalimtoka Tirza, yakachora mistari kwenye masizi.

"Usilie, utachafua sakafu," akasema Bi Perlstein, na yeye mwenyewe akatoa leso. "Hiyo aproni uivae. Ijumaa nataka mikate minne. Miwili yangu, miwili nimpelekee dada yangu. Nimemwambia nakuja kula."

Habari hiyo ilizunguka Caulfield kabla kikapu chake hakijafika nyumbani. Mama Hadasa anakula mikate ya wanafunzi! Watu waliomba majina yao yaandikwe, waliorudishiwa pesa wakarudi nazo, na wale ambao hawakuwahi kununua kitu nje wakasimama foleni barazani. Ijumaa hiyo na zilizofuata tanuri halikupoa. Kabla mwezi haujaisha, watu wa Tallanook walilala juu ya magodoro mapya, na Tirza ndiye aliyekuwa akikanda, akiuliza kila jambo kwa sauti kubwa mpaka wenzake wakachoka kujibu.

Alipoona aibu kuuliza, donge liliharibika mikononi mwake. Alipoiweka aibu hiyo mezani mbele ya watu, jiko lile likazaa kuliko alivyothubutu kuomba. Basi na tukubali, sisi tuliomcheka: mficha uchi hazai.